Kutafuta hitilafu ya ethi kwenye inverta ya gari-nyumba

Mtu anayefunga inverta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kama wa nyumbani, kwenye gari-nyumba lake kwa mara ya kwanza hukutana mapema na kitendawili. Taa zinawaka, friji inanguruma, kompyuta inachaji bila tatizo, lakini akichomeka ukutani kile kipimasoketi chenye taa tatu ndogo, taa zinamwambia kwamba ethi haipo. Anachukua multimita. Kati ya waya wa moto na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, anasoma volti 120, kama inavyotakiwa Marekani. Kati ya waya wa moto na ethi anapata kama 60, na kati ya nyutro na ethi anapata tena kama 60. Anafungua soketi na kuukuta waya wa kijani, ambao ndio wa ethi, umekazwa barabara. Hapo wengi huenda dukani kununua nondo ya shaba, huikita ardhini kando ya gari, huifunga kwa waya kwenye chesisi, kisha hupima tena. Namba zinabaki zilezile.

Zinabaki zilezile kwa sababu ethi ya inverta haina uhusiano mkubwa na udongo. Umeme unaotoka kwenye chanzo hutafuta kurudi kwenye chanzo hichohicho, na kama chanzo ni inverta iliyofungwa chini ya kitanda, udongo ulio nje ya gari si sehemu ya safari hiyo. Kazi ya waya wa kijani ni kuupatia mkondo uliopotea njia fupi na nene ya kurudi, ili waya wa moto ukigusa bati la mashine, mkondo uwe mkubwa kiasi cha kuiangusha breka papo hapo. Hata pale ambapo udongo unashiriki, hauwezi kazi hiyo. Chukua nondo yenye ukinzani wa omu 25 dhidi ya ardhi, kiwango ambacho kanuni za umeme za Marekani hukitumia kama mpaka wa kuridhika na nondo moja. Volti 120 zikipita kwenye omu 25 huzaa mkondo wa ampea 4.8 tu. Breka ya ampea 15 haitashtuka kwa mkondo huo. Itaendelea kupitisha mkondo siku nzima huku bati likiwa na umeme. Kwa hiyo nondo iliyokitwa kando ya gari haiponyi hitilafu ya inverta, na ubaya wake mkubwa ni kumpa mwenye gari utulivu wa moyo asiostahili kuwa nao.

Mkanganyiko unazidi kwa kuwa jina la ethi hubandikwa kwenye vitu vitatu tofauti ndani ya gari moja. Kwanza ni hasi ya betri ya volti 12, ambayo hufungwa kwenye chesisi ili taa za nje, breki za trela na pampu ya maji zipate njia ya kurudishia mkondo. Pili ni waya unaotoka kwenye boksi la inverta kwenda kwenye chesisi, ambao katika hali ya kawaida haupaswi kubeba mkondo wowote. Tatu ni waya wa kijani, au ulio mtupu, unaotembea pamoja na nyaya za volti 120 hadi kwenye kila soketi. Vyote vitatu hukutana kwenye chesisi, na ndiyo maana huonekana kama kitu kimoja, lakini kila kimoja huharibika kwa namna yake na hupimwa kwa namna yake. Anayetafuta hitilafu bila kuvitenganisha atazunguka palepale.

Tuanze na kile cha tatu, maana ndicho kinacholeta zile namba za 60. Katika nyumba ya Marekani, nyutro na ethi huunganishwa mahali pamoja tu, pale umeme unapoingilia. Katika kambi ya magari-nyumba huunganishwa kwenye mtambo mkuu wa kambi, na kutoka hapo hadi kwenye nguzo ya umeme na hadi ndani ya gari husafiri kama nyaya mbili zisizogusana. Kanuni ya taifa ya umeme, inayojulikana kwa kifupi kama NEC, ina kifungu maalumu cha 551 kwa ajili ya magari-nyumba na kambi zake, na kifungu hicho kinataka nyutro itengwe kabisa na ethi ndani ya paneli ya gari. Sababu yake ni nzito. Zikiunganishwa mara ya pili ndani ya gari, mkondo wa kawaida wa nyutro hugawanyika, sehemu yake hurudi kupitia waya wa kijani na chesisi, na siku nyutro ya kebo ikikatika, chesisi hubeba mzigo wote, yaani mlango, ngazi na ndoano ya kuvutia trela huwa sehemu ya njia ya umeme.

Sasa gari linachomolewa kwenye nguzo. Kiungo cha nyutro na ethi kinabaki kule kambini. Inverta inapowashwa, yenyewe ndiyo inakuwa chanzo, na bila kiungo chake nyutro inaelea: haijafungamana na chesisi kwa lolote isipokuwa mvujo mdogo unaopita kwenye kapasita za kuchuja kelele zilizomo ndani ya inverta na vyombo vyenyewe. Kapasita hizo hugawa volteji katikati, nusu huku na nusu kule, na multimita ya kidijitali, ambayo kwa kawaida ina ukinzani wa karibu megaomu 10 na hivyo haivuti mkondo wa maana, husoma volti 60 kila upande kana kwamba ni umeme wenye nguvu. Inverta-chaja nyingi, yaani inverta zenye chaja ya betri ndani yake, zilizothibitishwa kwa kiwango cha UL 458, ambacho ni cha vifaa vya kwenye magari na vyombo vya majini, hulitatua jambo hili kwa rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme: inverta ikiwa ndiyo inayozalisha, rilei huunganisha nyutro na ethi, umeme wa kambi ukifika, rilei huachia, ili kiungo kibaki kile cha kambi peke yake. Kiungo lazima kiwepo, kiwe kimoja, na kiwe kwenye chanzo kinachofanya kazi wakati huo. Karibu kila hitilafu ya ethi upande wa volti 120 ni uvunjaji wa sharti mojawapo kati ya haya.

Kabla ya kulaumu nyaya, basi, namba za multimita zisomwe vizuri. Ukipata 120 kati ya moto na nyutro, 120 kati ya moto na ethi, na sifuri au volti moja mbili kati ya nyutro na ethi, kiungo kipo. Ukipata 60 na 60, nyutro inaelea. Ukipata sifuri kati ya moto na ethi na 120 kati ya nyutro na ethi, kiungo kipo ila nyaya zimebadilishana mahali. Namba zikiyumbayumba kila unapoigusa kebo, hapo ndipo kuna uwezekano kwamba waya wa kijani umekatika kweli. Inverta za bei nafuu zinazotoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini huipotosha multimita ya kawaida, ambayo inaweza kuonyesha chini ya volti 100 ilhali hakuna kasoro; kipimo cha aina ya RMS halisi, kinachosoma vizuri wimbi la umbo lolote, huondoa shaka hiyo.

Kipo kipimo kingine ambacho wengi hawakitumii ingawa hakigharimu kitu. Soketi za jikoni na bafuni katika magari haya hulindwa na kifaa kiitwacho GFCI, ambacho hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na hukata tofauti inapofika kati ya miliampea 4 na 6. Kitufe cha majaribio kilichopo juu ya GFCI yenyewe hutengeneza tofauti hiyo kwa kuchepusha mkondo kidogo kati ya waya wa moto na nyutro, bila kuhitaji ethi. Kitufe cha kipimasoketi, kwa upande wake, huchepusha mkondo kutoka waya wa moto kwenda kwenye ethi. Kwa hiyo, inverta ikiwa kazini, ukibonyeza kitufe cha GFCI ikakata, kisha ukairudisha na kubonyeza kitufe cha kipimasoketi isikate, GFCI ni nzima. Kinachokosekana ni njia ya ethi kurudi kwenye inverta. Rudia jaribio hilohilo gari likiwa limechomekwa kambini. Vitufe vyote viwili vikikata huko, waya wa kijani ndani ya gari ni mzima, na kasoro imebaki kwenye inverta peke yake.

Inafaa kusema wazi kwamba nyutro inayoelea si kifo kinachokusubiri mlangoni. Katika mfumo unaoelea, hitilafu ya kwanza haina pa kupitisha mkondo, na mtu anayechaji simu kwa inverta ndogo iliyochomekwa kwenye kishikizo cha kuwashia sigara hana sababu ya kukosa usingizi. Shida huanza inverta inapolisha saketi nyingi za gari zima: hitilafu ya kwanza hukaa kimya bila breka wala GFCI kuiona, chesisi hugeuka kuwa upande mmoja wa umeme, na hitilafu ya pili, ambayo inaweza kuja baada ya miezi, humkuta mtu katikati.

Hapo ndipo linapokuja swali la kuunganisha nyutro na ethi kwa mkono, na hapo ndipo inverta nyingi huungua. Baadhi ya inverta rahisi zimeundwa hivi kwamba matundu yote mawili ya soketi yana umeme dhidi ya boksi, kila moja nusu ya volteji, si kwa sababu ya kapasita bali kwa muundo wa saketi yenyewe. Ukiunganisha mojawapo na chesisi, umefanya shoti kwenye transista za kutolea umeme, na moshi utakuambia mengine. Zote mbili, hii na ile inayoelea kweli, husomeka 60 na 60 kwenye multimita ya kawaida. Kuzitofautisha kunahitaji kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji kwanza, na multimita yenye uwezo wa kupima kwa ukinzani mdogo pili: volteji ya kapasita huporomoka karibu na sifuri mita inapovuta mkondo kidogo, ilhali ile ya muundo hubaki palepale. Kitabu kikikataza kuunganisha, au kikiwa kimya, usiunganishe. Inverta ya aina hiyo ilishe chombo kimoja kimoja kupitia soketi yake yenyewe, isiingizwe kwenye paneli ya gari.

Kosa la upande wa pili, yaani viungo viwili kwa wakati mmoja, hujitokeza kwa dalili ambayo huwachanganya hata mafundi. Gari linafanya kazi vizuri kambini kwenye soketi ya ampea 30, lakini likifika nyumbani na kuchomekwa kupitia adapta kwenye soketi ya gereji, GFCI ya gereji inakata mara moja. Mwenye gari huilaumu gereji. Kumbe soketi ya ampea 30 ya kambini kwa kawaida haina GFCI, kwa hiyo kosa lilikuwepo muda wote bila mlinzi wa kulitaja. GFCI za Marekani huhisi pia nyutro iliyogusana na ethi mbele yake, hata kama hakuna chombo kilichowashwa, na ndiyo maana hukata kabla hujawasha taa moja.

Watuhumiwa wa kawaida ni watatu. Rilei ya inverta inaweza kuwa imenasa, au inverta iliyonunuliwa ilikuwa ya kufungwa nyumbani na ina skrubu ya kudumu inayounganisha nyutro na boksi. Elementi ya hita ya maji inaweza kuwa imeliwa na kutu hadi waya wake wa ndani unagusa maji na tangi. La tatu, ambalo binafsi ningelitafuta kabla ya yote katika gari lililofungwa inverta na mwenyewe, ni mpangilio wa nyutro ndani ya paneli. Fundi huhamisha breka tatu au nne ziende kwenye paneli ndogo ya inverta, akahamisha nyaya za moto, akaziacha nyutro za saketi hizo kwenye baa ya zamani, kipande cha chuma zinapokusanywa nyutro, pamoja na nyutro za kiyoyozi na hita. Kila kitu kinawaka. Lakini mkondo unaotoka kwa njia ya inverta sasa unarudi kwa njia ya kambi, mizani ya GFCI haipo tena, na rilei ya inverta ikifunga huunganisha na ethi nyutro ya gari zima badala ya ile ya saketi zake tu. Kila waya wa moto uliohama lazima uhame na nyutro yake, kwenye baa iliyotengwa na bati la paneli. Swichi ya kuhamisha chanzo nayo lazima ikate moto na nyutro kwa pamoja. Zile za bei rahisi zinazokata moto pekee huacha nyutro za vyanzo viwili zimeshikana.

Utafutaji wenyewe ufanywe gari likiwa halina umeme wa aina yoyote: kebo ya kambi imechomolewa, jenereta imezimwa, inverta imezimwa na nyaya zake za kutolea zimefunguliwa, kwa kuwa baadhi ya rilei hubaki zimefunga hata inverta ikiwa imezimwa. Pima ukinzani kati ya baa ya nyutro na baa ya ethi. Kama mita haionyeshi njia iliyo wazi kabisa, yaani isiyopitisha kitu, au ukinzani wa kiwango cha megaomu, kuna mgusano mahali. Kuzima breka hakutasaidia kuupata, na hili huwapotezea watu mchana mzima: breka hukata waya wa moto tu, ilhali nyutro ya saketi iliyozimwa bado imefungwa kwenye baa. Nyutro zifunguliwe moja baada ya nyingine huku mita ikiwa imeshikiliwa, mpaka ile ambayo ukiiondoa ukinzani unaruka juu. Hiyo ndiyo saketi ya kufuatilia.

Upande wa volti 12 mara nyingi husahaulika, nao ndio wenye moto wa kweli. Inverta ya wati 2,000 huvuta kwenye betri karibu ampea 167 kwa hesabu ya mgawanyo tu, na ukiongeza upotevu wa ndani unakaribia 190. Ikiwa waya chanya utachubuka na kugusa boksi la inverta, mkondo wa kupasua fyuzi lazima upite kwenye ule waya unaokwenda chesisi. Kwa vifaa vya kubadili volteji, kifungu cha 551 kinataka waya wa shaba usiopungua ukubwa wa 8 katika kipimo cha Marekani, yaani milimita za mraba nane na ushei, na watengenezaji wa inverta kubwa huweza kudai mnene zaidi. Ukiukuta waya mwembamba kama wa spika, ambao hutokea, ubadilishe kabla ya kuendelea na kingine.

Waya huohuo hutoa ushahidi kwa macho. Katika inverta ambazo hasi yake imeunganishwa na boksi kwa ndani, kebo kubwa ya hasi ikilegea kwenye betri, mkondo hutafuta njia ya pembeni na kuipata hapo. Tazama ganda la kijani pale linapoingia chini ya skrubu ya boksi: likiwa limegeuka kahawia, limekakamaa na linapasuka ukilikunja, waya huo umekuwa ukibeba mzigo ambao si wake. Kuthibitisha, washa chombo kizito kama kikausha nywele cha wati 1,500, na uzungushie waya huo kipimo cha taya kinachoweza kupima mkondo wa betri. Kisome sifuri au karibu nayo. Kisha pima volti kati ya nguzo hasi ya betri na kituo hasi cha inverta, mzigo ukiwa bado umewashwa. Sehemu moja au mbili za kumi za volti si neno, lakini nusu volti ni kiungo kibovu kinachopika. Mara nyingi utakikuta pale kebo inapofungwa kwenye chesisi, juu ya rangi, kwa skrubu ya kujitoboa. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia bolti na washa ya meno, kaza, kisha paka grisi, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari.

Ikiwa mtu amewahi kuhisi mtekenyo aliposhika kitasa cha mlango huku amesimama kwenye nyasi mbichi, gari likiwa limechomekwa kambini, asijaribu lolote kati ya haya kabla ya kuzima breka ya nguzo na kuchomoa kebo. Mtekenyo huo maana yake ni kwamba waya wa kijani umekatika kati ya gari na kambi, aghalabu kwenye plagi au adapta iliyoungua, na kwamba kitu fulani ndani kinavuja kwenda kwenye chesisi. Mkondo wa miliampea moja huhisiwa kama mtekenyo, na kuanzia kama 10 mkono unaweza kukataa kuachia.

Wenye magari ya safari Tanzania na Kenya, yale ya hema juu ya paa na inverta ya volti 230 au 240 nyuma ya kiti, wana mfumo wa namba tofauti lakini mantiki ileile. Kilinzi chao ni RCD, ndugu wa GFCI, kwa kawaida ya miliampea 30, nayo haina cha kuona nyutro inapoelea. Wao waongeze uchunguzi mmoja: inverta nyingi za huko zina soketi inayopokea plagi za kila nchi, na lile tundu la ethi wakati mwingine halijaunganishwa na chochote nyuma yake. Inverta ikiwa imezimwa na imetolewa kwenye betri, pima mwendelezo kati ya tundu hilo na bati la boksi. Mita isipolia, waya wote wa kijani uliovutwa ndani ya gari hauna mwanzo.

Baada ya marekebisho, inverta-chaja ibaki na jaribio moja la mwisho, la rilei. Mita haiwezi kulifanya vizuri gari likiwa kambini, kwa kuwa nyutro na ethi husomeka karibu na sifuri iwe rilei imeachia au imenasa. Ile GFCI ya gereji ndiyo inayofaa. Washa inverta ikiwa na mzigo mdogo, hakikisha kitufe cha kipimasoketi kinakata GFCI ya ndani ya gari, irudishe, kisha chomeka kebo ya gari gerejini na usubiri inverta ipokee umeme wa nje. GFCI ya gereji ikitulia, rilei imeachia kama inavyopaswa. Ikikata wakati nyaya za gari tayari zimethibitika kuwa safi, fungua nyaya za kuingizia na kutolea za inverta, ziunganishe moja kwa moja kwa muda kwa kiunganishi kilichofunikwa, na uchomeke tena. Ikitulia sasa, inverta ndiyo yenye kasoro, na rilei yake ni kazi ya karakana ya mtengenezaji.